Siku Shemeji Alipogonga Rimu

Mimi nashona viti vya mabasi. Ukipanda basi ukaona kiti kimekupokea vizuri mpaka usingizi unakuchukua, nishukuru. Ukiona sponji imetokeza nje kama ulimi wa ng'ombe, huyo ni fundi mwingine, usinilaumu mimi. Kazi yangu naifanyia kwenye kona ya gereji ya mabasi, cherehani mbele, marobota ya ngozi bandia nyuma. Na kwa sababu mtu anayeshona anatazama chini, watu wanadhani hasikii. Nasikia. Hakuna siri ya gereji ile ambayo haijapita kwenye kona yangu kabla haijafika kwa mwenyewe.

Sasa huyu ninayetaka kuwasimulia ni shemeji yangu, mdogo wa kike wa mke wangu, tumbo moja. Ni mfupi, mabega mapana, mdomo hauna likizo. Ni fundi wa breki. Sio msaidizi wa fundi, fundi mwenyewe. Lakini alianzia kwangu, na hapo ndipo aibu inapoanza, yake siyo yangu.

Mke wangu ndiye aliyenibebesha. "Baba watoto, mchukue mdogo wangu umfundishe kushona, anakaa tu nyumbani anabishana na televisheni." Nikamchukua. Kiti cha kwanza alichonivalishia, kitambaa cha mgongo alikiweka kwenye makalio na cha makalio akakiweka mgongoni.

"Shemeji," nikamwambia, "hapa abiria atakalia mgongo."

"Si atageuka?"

"Ageuke vipi? Alale kifudifudi safari nzima?"

"Basi awe wa kwanza kufika, kichwa mbele."

Unaona mtu mwenyewe. Na wakati namgombeza hata hanitazami, macho yako kule shimoni. Gereji yetu ina shimo refu la saruji, basi linaegeshwa juu yake, fundi anashuka ngazi anafanya kazi chini ya tumbo la gari. Kulikuwa na mzee mmoja wa breki, magoti yamekwisha, kila akipanda zile ngazi anawataja mababu zake wote. Shemeji akaanza kumshikia taa. Kutoka taa akashika spana. Kutoka spana akawa yeye ndiye anashuka na mzee anakaa juu kwenye kiti anamwelekeza kwa fimbo. Mzee alipoaga kazi alimwambia nyapara, msimamizi wetu, "Breki nawaachia huyu." Nyapara akacheka. Mzee hakucheka. Nyapara naye akaacha.

Mimi nilifurahi kuliko wote. Viti vyangu vilipona.

Sasa ujue gereji ni wanaume watupu, ukimtoa shemeji na paka. Na mgeni gerejini lazima aonjeshwe. Mimi nilipoanza walinitia grisi kwenye mpini wa mkasi. Shemeji walimfichia kiatu kimoja, akashinda na raba mguu mmoja na kandambili mguu mwingine, anacheka nao. Kisha akalipiza. Aliyemfichia kiatu ni Tingatinga, fundi wa giaboksi, jitu nene lenye nguvu za kusukuma basi peke yake, ndiyo maana ya jina. Shemeji akachukua buti za Tingatinga akazipandisha juu ya paa la basi. Basi likaondoka nazo. Zilirudi baada ya siku kadhaa, zimetembea nchi kuliko mwenye miguu. Tingatinga alicheka mpaka akakaa chini.

Huo ulikuwa utani, na sote tulikuwa ndani.

Mambo yalibadilika shemeji alipopewa breki rasmi. Sijui ndani ya kichwa cha Tingatinga kulikuwa na nini, sikuwahi kushona humo. Wengine wanasema alitaka shimo liwe lake. Giaboksi nayo hufanyiwa kazi kule chini, na shimo lina ngazi mbili, moja kila mwisho. Akaanza mtindo: shemeji akiwa shimoni, naye anashuka. Nafasi ipo upande wa pili, yeye anakuja upande huu. "Nipishe, nipishe," huku anapita kwa kumbana ukutani, na mikono inapita ilipopita. Halafu na maneno. Maneno hayo siyaandiki, mama mkwe wangu ana mjukuu anayemsomea kila kitu.

Shemeji alimwambia waziwazi, "Tingatinga, sitaki." Mara ya kwanza, ya pili. Yeye anainua mikono juu kama amekamatwa na polisi, watu wanacheka, kesho yake anarudia.

Akaenda kwa nyapara. Nyapara wetu si mtu mbaya, ni mtu anayependa siku iishe. Mimi nilisikia kila neno, kulikuwa na ukuta wa bati tu kati yetu.

"Ndivyo kazi za wanaume zilivyo, dada," nyapara akamwambia. "Tingatinga ana roho nzuri, anatania tu. Mbona hata Redio tunamtania?"

Huyo Redio ndiye fundi wetu wa matairi. Ana kigugumizi. Wao wakamwita Redio Mbovu, kisha wakafupisha kwa huruma. Akianza kusema neno likagoma, Tingatinga anampiga kofi la mgongo, paa! "Betri imelegea hiyo!" Gereji nzima kicheko. Redio naye anatabasamu lile tabasamu la mtu anayesubiri jambo liishe. Mwishowe aliacha kusema kabisa. Akitaka jeki ananyoosha kidole. Akitaka maji ananyoosha kidole. Na sisi tukaona ndivyo alivyoumbwa.

"Na tena," nyapara akaongeza, "siku hizi umekuwa mzito. Basi moja unalikalia asubuhi nzima. Mzee alikuwa anamaliza mapema."

 Shemeji, mtu ambaye hajawahi kukosa jibu tangu aote meno, akachukua spana yake akatoka.

Nyumbani mke wangu alikwisha kuona. Shemeji akirudi anaoga muda mrefu, anakula kidogo, akiulizwa anasema amechoka. Jioni moja mke wangu akafunga mlango wa chumba na kumbana: hutoki hapa mpaka useme. Akasema. Mimi nikaitwa kama shahidi wa mashtaka.

"Baba watoto, na wewe unakaa pale pale na cherehani lako unaona?"

"Naona."

"Sasa?"

"Kesho namfuata Tingatinga," nikasema, nikijikaza sauti. "Naongea naye kiume."

Mke wangu akanitazama kuanzia juu, akanitazama mpaka chini, haikumchukua muda. Lakini ni shemeji aliyekataa.

"Usiende, shemeji."

"Kwa nini?"

"Ukimwambia wewe, ataniheshimu kwa ajili yako. Siku ukiamka na homa ukabaki nyumbani, mimi nitakuwa nani pale?"

Nikaahidi sitaingilia.

"Unajua kwa nini nimekuwa mzito?" akaendelea. "Sasa hivi nikikaza nati nasikiliza ngazi. Nikisikia mguu naacha, nageuka. Nikirudi sikumbuki niliishia wapi, naanza upya zote. Kila basi nalikaza mara mbili, mara tatu. Naota nati, dada. Basi limejaa watu linateremka mlima na mimi nimelala hapa najiuliza, ile ya kushoto niliikaza?"

Mke wangu akamshika mkono. "Acha kazi, mdogo wangu. Rudi ushone."

Nakwambia ukweli, roho iliniruka, kwa ajili yake na kwa ajili ya viti. Shemeji akainama akasema, "Nimemwambia nyapara Jumamosi nitakuwa na neno naye. Nitamuaga."

Hiyo ilikuwa Jumanne.

Hapa lazima nikueleze kuhusu rimu, maana bila hiyo hutaelewa kilichotokea. Karibu na mlango wa stoo inaning'inia rimu ya gurudumu la lori kwa mnyororo, na nyundo pembeni yake. Zamani, kabla yangu, mtu aliwasha injini wakati mwenzake yuko chini ya gari. Yule wa chini hakufa, lakini hakurudi tena kazini na hakutembea sawasawa. Tajiri mwenye gereji akaapa. Akaitundika ile rimu na kuweka masharti yake mwenyewe: ukiona hatari, gonga. Ikigongwa, kila injini inazimwa, kila mtu anaweka chombo chini, wote wanakuja. Aliyegonga anasema, hakatizwi. Kisha nyapara anauliza, "Kuna mwenye neno?" na mwenye neno anasikilizwa mpaka mwisho. Halafu nyapara anamwuliza aliyegonga, "Umeridhika?" Mpaka aseme nimeridhika, hakuna anayegusa hata bisibisi. Tajiri mwenyewe akiwa na haraka zake anasubiri. Na ukigonga kwa mchezo, unaosha shimo wiki nzima peke yako, na lile shimo, ndugu yangu, hata panya huingia wameshika pua.

Kwa hiyo haigongwi ovyo. Mimi nilikuwa nimeisikia mara chache tu, kwa jeki iliyokaa vibaya, kwa moto wa kuchomelea uliorukia matambara.

Basi Alhamisi, jua limepanda, nina dereva mmoja kwenye kona yangu, mwenye kipara na maneno mengi, ananiharakisha kiti kimoja cha abiria. Basi lake liko juu ya shimo, shemeji yuko chini anamalizia breki za nyuma.

"Fundi, hiki kiti unakishona au unakiombea?"

"Nakishona. Kukiombea ni bei nyingine."

Nikainua macho. Namwona Tingatinga anaweka kikombe chake, anajipangusa mikono kwenye suruali, anaangalia huku na huku kama mtu anayevuka barabara, anashuka shimoni. Kwa ngazi ya huku. Nikasimamisha cherehani. Nikasimama.

"Unaenda wapi na mkasi?" dereva akauliza.

Sikuwa najua kuwa nimeushika. Na nilikuwa nimeahidi sitaingilia. Nikabaki nimesimama pale kama sanamu la fundi, na mara nikasikia spana inaanguka kwenye saruji kule chini. Kling. Halafu sauti ya shemeji, "Toka!"

Akapanda ngazi. Hakukimbia. Nilidhani anakuja kwangu, nikaanza kutafuta la kumwambia, akanipita kama nguzo. Akaenda moja kwa moja mpaka mlango wa stoo, akachukua nyundo, akaipiga ile rimu. Akaipiga tena na tena.

Wewe! Injini zikazimika moja baada ya nyingine mpaka ukaweza kusikia bomba linavyodondosha maji. Watu wakatoka kila upande. Mmoja alikuwa ananawa uso, akaja na povu machoni anauliza "Nani kaumia? Nani?" huku amemgeukia paka. Wengine wakapiga magoti wakachungulia chini ya basi. Hakuna mtu. Ila Tingatinga, anapanda ngazi, tabasamu limemjaa.

Nyapara akaja anahema. "Nani yuko chini?"

"Sasa hivi hakuna," shemeji akasema. Alikuwa bado ameshika nyundo. "Nilikuwa mimi. Nakaza breki za nyuma. Tingatinga akashuka, nafasi iko upande ule, akaja upande huu akanibana kwa nyuma na kunishika kiuno. Sio leo tu. Nimemwambia yeye sitaki. Nimekuambia na wewe. Leo spana imenitoka mkononi, na sasa hivi sijui kama nati ya kushoto nimeikaza au bado. Nimemaliza."

Kuna waliocheka, kile kicheko cha puani. Tingatinga akawageukia hao hao.

"Jamani! Shimo jembamba, mimi mnene, nimlilie nani? Nilikuwa napita!" Kicheko kikakua kidogo. "Utani wa kazini huu. Mbona buti zangu alizipeleka safari, mimi sikugonga kitu?"

"Ulicheka," shemeji akamwambia. "Mimi umeniona nikicheka?"



Nyapara akajikuna shingo. Unamwona kabisa anataka siku iishe. "Sikiliza dada. Rimu ni ya hatari. Jeki, moto, injini. Hayo mengine ni mambo ya kuzungumza ofisini. Hapa umegonga bure, na sharti unalijua. Shimo wiki nzima." Halafu, kwa mazoea tu, kwa vile ameyasema miaka nenda miaka rudi na mdomo unajua njia wenyewe, akamalizia, "Kuna mwenye neno?"

Aliuliza kama unavyomwuliza mtu hujambo. Hakutaka jibu.

Redio akanyoosha mkono.

Watu wakageuka. Redio! Nyapara akatazama nyuma yake, akidhani anaonyeshwa jeki. "Unasemaje?"

"Mi... mi... mi..."

Tingatinga alikuwa amesimama karibu naye, na mkono wake ukainuka wenyewe kwenda mgongoni kwa Redio. Ukafika katikati. Ukakwama hapo hewani, maana ilikuwa ni rimu, na kwenye rimu mwenye neno haguswi. Akaushusha taratibu, akawa hajui auweke wapi, akautia mfukoni.

Tukangoja. Redio akafumba macho, akavuta pumzi.

"Mimi ni-nilitaka kuigonga hiyo rimu toka mwaka juzi."

"Kwa nini?"

"Kila ni-nikisema, napigwa mgongoni. Mnacheka. Nikaacha kusema." Akanyoosha kidole kule nje.  "Wiki iliyopita, li-lile lori la mchanga. Niliona jeki inateleza. Nikataka kupiga kelele. Nikajua ni-nitakwama kwenye neno la kwanza, na mtaanza kucheka. Sikusema. Ni-nikasukumiza gogo kwa mguu, jeki ikakaa."

Nyapara akauliza taratibu, "Chini ya lile lori alikuwepo nani?"

"Wewe."

 Nyapara akashika kifua chake mwenyewe, hapa, kama anahakikisha kipo. Alikuwa amelala chini ya lile lori anapiga mluzi, nakumbuka mpaka wimbo.

Na hapo dereva wangu, ambaye hakuwa ameulizwa na mtu, akasogea katikati.

"Samahanini. Mimi si wa hapa, mimi ni wa kuendesha. Hili basi ni langu. Dada, umesema nati ya kushoto hujui?"

"Sijui."

"Kwa sababu ya huyu?"

"Kwa sababu ya huyu."

Akamgeukia nyapara. "Mzee, mimi nikifika kwenye mteremko nakanyaga pedali, na nyuma yangu kuna watu wamesinzia. Mama na watoto, wazee, wote wamenikabidhi shingo zao. Na wewe unasema hapa hakuna hatari? Basi hilo liendeshe wewe. Mimi silipandi."

Akakunja mikono kifuani. Kipara kinang'aa.

Simu ya nyapara ikalia. Tajiri, na kwa jinsi anavyopiga kelele hahitaji spika. "Basi liko wapi? Abiria wamejaa stendi!"

"Rimu imegongwa, tajiri."

Sauti ya tajiri ikashuka. "Nani kaumia?"

Nyapara akamtazama shemeji, akamtazama Redio. "Hakuna," akasema. Kisha akaongeza, "Bado."

"Nakuja," tajiri akasema.

Nyapara akairudisha simu mfukoni. Alipomgeukia shemeji hakuwa tena yule mtu wa kutaka siku iishe. "Ile wiki ya kuosha shimo, futa," akasema. "Nilikosea. Umeridhika?"

"Bado."

Mmoja akaguna nyuma. Nyapara akanyoosha kidole bila kugeuka, aliyeguna akanyamaza.

"Unataka nini?"

"Mtu asishuke shimoni wakati kuna mwenzake bila kuuliza kwanza. Asipojibiwa asishuke. Sio kwangu tu, kwa yeyote. Tingatinga asifanye kazi shimoni nikiwemo. Na mtu akisema sitaki, halafu mwingine akaendelea, rimu igongwe kama inavyogongwa kwa jeki. Na Redio akisema, asikilizwe."

"Jina langu si Re-redio," Redio akasema.

"Na hilo," shemeji akasema.

Tingatinga alikuwa anazungusha macho, anatafuta mwenzake wa kucheka naye. Alimtazama huyu, huyu akatazama viatu. Alimtazama yule, yule akakuta kazi kwenye kucha zake. Sijawahi kuona mtu mnene akapungua haraka namna ile. "Kwa hiyo mimi ndiye mbaya?" akasema. "Miaka yote hii?"

"Toka hapa," nyapara akamjibu. "Kakae nje kwenye benchi, tajiri aje atusikilize sote. Na mimi nitasema kwamba niliambiwa nikapuuza." Halafu akamrudia shemeji. "Sasa?"

Shemeji akaitundika nyundo mahali pake. "Nimeridhika."

Lakini injini hazikuwaka mara moja. Kila mtu alikuwa anamtazama anavyorudi shimoni. Dereva akamfuata mpaka kwenye ngazi, akasimama juu na tochi yake, akainama.

"Dada, nishuke nione?"

"Shuka."

Tukasikia spana ikigusa chuma. Tukasikia, "Hebu shika hapa." Tukasikia dereva anataja jina la Mungu. Alipopanda juu kipara kilikuwa kimelowa. Akakaa kwenye tairi akaomba maji.

"Ilikuwa inazunguka kwa vidole," akasema. "Kwa vidole viwili."

Walikaza zote, wakarudia zote, na safari hii hakuna mguu uliosikika kwenye ngazi. Basi likaondoka limechelewa, dereva hakulalamika, na kile kiti cha abiria alikisahau kwangu. Alirudi kesho yake kukichukua huku anasema mimi ndiye niliyemchelewesha.

Tajiri alikuja mchana. Alimsikiliza shemeji kwanza, kisha fundi wa matairi, na kumngoja kila neno, ijapokuwa alikuwa anaitazama saa yake kwa jicho la pembeni kama mwizi. Kisha nyapara, kisha Tingatinga. Nyapara alipata maneno yake, na kwa kuwa ukuta ni wa bati niliyapata na mimi. Tingatinga alihamishiwa yadi ya pili, kule wanakoegesha magari mabovu, akaambiwa likisikika jingine moja, geti ni lile pale. Baada ya muda aliondoka mwenyewe. Sina la kumsema zaidi. Wapo wanaomkumbuka kwa vichekesho vyake, lakini nimegundua gereji bado inacheka. Inacheka hata zaidi, maana sasa na fundi wa matairi yumo. Ana hadithi, yule bwana! Miaka miwili ya maneno yalikuwa yamemjaa ndani, na ameamua kuyatolea kwenye kona yangu. Nami nangoja, sindano iko juu, mpaka neno lifike. Tatizo huwezi kuondoka katikati, maana mwisho wake unachekesha.

Jioni ile ya Alhamisi tulirudi nyumbani mimi na shemeji pamoja. Habari ilikuwa imetutangulia, mke wangu kasimama mlangoni, akamkumbatia mdogo wake na ovaroli na grisi yake yote. Gauni lile halikutakata tena. Shemeji alikula, akaongeza, akalala palepale kwenye kochi kabla hajanawa mikono, kinywa wazi. Mke wangu akakaa pembeni yake anamtazama.

"Lakini hajasema kama anabaki," akaninong'oneza.

"Muulize kesho."

"Muulize wewe, mko wote."

Sikumuuliza, wala Ijumaa hakusema. Na kumbe aliyekuwa hapati usingizi si mke wangu peke yake. Jumamosi asubuhi nyapara alikuja kwenye kona yangu, akajifanya anakagua kiti.

"Shemeji yako," akasema huku anabonyeza sponji, "alisema leo ana neno na mimi."

"Alisema."

"Ni la kuaga kazi?"

"Mimi nashona tu."

Akaondoka, akarudi, akaondoka. Mpaka saa za mchana shemeji akapanda kutoka shimoni anajipangusa mikono, akamwendea. Nyapara akavua kofia. Sijawahi kumwona bila kofia, kichwa chake kina rangi mbili.

"Nyapara, nilikuambia nina neno na wewe leo."

"Nakusikiliza, fundi."

"Taa ya shimoni imeungua. Nataka mpya, na iwe kubwa, niione kazi yangu."

Nyapara akabaki anamtazama. "Hilo tu?"

"Ulitaka liwe nini?"

Nyapara akageuka. Angeweza kumtuma mtu yeyote dukani, lakini alikwenda mwenyewe, tena kwa mguu, kofia mkononi, akitembea karibu ya kukimbia, nami nikageukia cherehani nikacheka mpaka uzi ukakatika.